Kimya Kabla ya Mbili

Alikuwa akigonga mara tatu. Fimbo yake ilikuwa na ncha ya chuma, msumari wa reli aliouokota kazini, na kila aliposimama alitafuta jiwe la kuugongea. Ko, ko, ko. Kikafuata kimya cha pumzi moja. Kisha mwenzetu aliyekuwa nyuma yake akapaza sauti, "Mbili!", na wa nyuma ya huyo, "Tatu!", na hesabu ikateremka mstari mzima hadi kwangu niliyekuwa wa mwisho. Mimi nilisema namba yangu na neno la kufungia: "Kumi na nne! Tumetimia." Yeye hakugeuka kututazama. Alisikiliza akiwa ametupa mgongo, akapangusa pua, akaanza kutembea.

Tulimwita Mama wa Mbele. Miaka ile ya Zaire kila mtu mjini Kalemie alikuwa na majina mawili, lile alilobatizwa na lile aliloamriwa kulichukua, na yeye nadhani alichoshwa na yote mawili. Ukimwita kwa mojawapo alikutazama kana kwamba unamtafuta jirani yake. Ukisema Mama wa Mbele aliitika.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufagia gare, pale treni ya Kabalo ilipoanzia safari. Kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa hii: kila kiangazi, shule zikishafungwa, aliwachukua wanawake wa makamo na wazee wanaoishi peke yao, akawaongoza kwa miguu siku nne porini, kupitia vilima vya kusini, mpaka kuteremka tena ziwani, kwenye kijiji cha Zongwe. Siku ya tano tulirudi mjini kwa mashua. Hatukuwa tunauza kitu. Hatukuwa tunaenda kuhiji wala kuchimba dawa. Tulitembea tu, na hilo ndilo lililowashinda watu kulielewa.

Wengine walisema tunatafuta dhahabu. Wengine walisema wanawake kumi na wawili wasio na waume hawawezi kuingia porini kwa wema, lazima kuna kitu tunakwenda kukizika huko. Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alimwita Mama wa Mbele biro, ofisini kwake, akamuuliza kwa kirefu. Mimi sikuwapo, lakini Mama wa Mbele alilirudia jambo hilo mara nyingi, maana lilikuwa moja ya mambo machache yaliyomchekesha.

"Sitwayeni, bwana zenu beko wapi?" shefu alimuuliza, akimwita raia kama serikali ilivyotaka.

"Kama tungejua beko wapi, tungeenda kule," yeye akajibu.

Shefu akapiga muhuri karatasi ya ruhusa. Ile karatasi alitembea nayo miaka yote, imekunjwa mpaka imekatika vipande vinne, na kwenye bariyeri ya askari aliitoa kipande kimoja kimoja, taratibu sana, mpaka askari wenyewe wakachoka kusubiri na kutuambia tupite.

Nieleze jinsi nilivyofika kwake, maana sikuwa mtu wa pori. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nimeishi maisha yangu kati ya chaki na daftari. Nyumba ya pili kutoka kwangu alikaa mama mmoja mshonaji, mwanamke wa watu, mpole, asiye na mtoto kama mimi. Tulisalimiana asubuhi na jioni juu ya ua. Wiki moja nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikawa natoka mapema na kurudi nimechoka, na sikumsalimu. Siku ya tatu ndipo mtu mmoja aliposema kuku wake wanalia bila kulishwa. Tulipovunja mlango alikuwa ameshalala kwenye usingizi wake wa mwisho tangu siku ya kwanza. Cherehani ilikuwa na nguo bado chini ya sindano.

Nililia kwa ajili yake, lakini sitadanganya, nililia zaidi kwa ajili yangu. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikahesabu: mimi ningejulikana siku ya ngapi? Shuleni wangesema mwalimu ana malaria. Kanisani wangesema amekwenda kusali upande mwingine. Mimi sikuwa hata na kuku.

Nikaenda gare. Nilimkuta anafagia ile sehemu ya kupandia treni, kwa ufagio mrefu, anarudi kinyumenyume.

"Mama, nasikia unapeleka bamama mu pori," nikasema.

"Sipeleke muntu. Mie natembea. Bengine banatembea nyuma yangu."

"Na mie nataka."

Hakuacha kufagia. "Uko na bwana?"

"Alienda Lubumbashi na treni. Ni miaka kumi na moja."

"Ile siku nilifagia nyuma yake," akasema. "Mutoto?"

"Hapana."

"Kama hauonekane, nani anakutafuta?"

Mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto wajibu kwa sentensi kamili, nilisimama pale nikikunja ncha ya kitenge. Ndipo akauweka ufagio ukutani.

"Bon. Njo weye," akasema, yaani ndiye wewe. "Tembea mpaka ku daraja ya Lukuga, urudi. Nataka kuona miguu."

Nikatembea. Niliporudi akanipa namba yangu, kumi na nne, na baada yangu hakumpokea mtu mwingine. Alisema mstari ukizidi hapo hatamsikia wa mwisho.

Alijua miguu yetu kuliko nyuso zetu. Kila jioni, tulipofika mahali pa kulala na moto ukashawaka, alituketisha kwenye mstari kwa mpangilio wa namba, akapita na kopo la mawese yaliyochanganywa na chumvi. Alishika mguu, akaupindua kama mtu anayechagua muhogo sokoni, akabonyeza vidole, akatafuta lengelenge. Kama ulificha kidonda aligombana na wewe mbele ya wote. Kama mguu ulikuwa mzima aliupiga kofi dogo la kisigino akaenda kwa mwingine. Kwa baadhi yetu mikono ile ndiyo pekee iliyokuwa imetugusa mwaka mzima. Hatukuambiana hivyo, lakini niliwaona wenzangu wanavyofumba macho.

Siku moja nilikutana naye sokoni mjini, nimevaa viatu vya kufungia kamba. Nilimsalimu kwa heshima zote, akaniangalia kama mgeni. Nikamwambia, "Mama, mie kumi na nne." Akaangalia chini. "Vua," akasema. Nikavua kiatu kimoja pale pale, kati ya mafungu ya ndakala, dagaa wa ziwani, na uso wake ukafunguka. "Aa! Njo weye. Ile kidole ilipona?"

Sheria zake zilikuwa chache na hazikujadiliwa. Asubuhi hakuna kuzungumza mpaka jua litoke juu ya miti. Hatembei mtu sambamba na mwenzake. Kila mmoja abebe sufuria yake mwenyewe. Mwanamke aliyetaka kuzungumza asubuhi alimnyamazisha kwa neno moja: "Asubui kila muntu na kichwa yake." Mwanzoni nilidhani ni ukali tu. Baadaye nikaona kwamba zile saa za kwanza, nyasi zimeungua na majivu yanatupanda mpaka magotini, kila mmoja wetu alikuwa akilia kilio chake bila kuulizwa. Jua likishatoka tuliruhusiwa kucheka, na tulicheka sana. Kulikuwa na Tano, aliyekuwa akiuza mikate karibu na bandari, ambaye angeweza kuiga sauti ya padri, ya shefu wa kartie na ya mume wake marehemu wakigombana wote watatu.

Mama wa Mbele mwenyewe alikula ametupa mgongo. Tulikaa kwenye duara kuzunguka bukari, ugali wetu wa muhogo, naye alichukua tonge zake akaenda kukaa hatua kumi mbele, akielekea tunakokwenda kesho. Tulizoea. Tulisema ndivyo alivyo. Kila mtu ana namna yake, tukasema, na tukaendelea kula.

Na jambo hili: mwanamke yule hakuogopa pori hata kidogo. Nilimwona akimfukuza nyani dume kwa kumzomea tu, na alipoona alama za chui kwenye mchanga wa mto aliziruka kama mtu anayeruka maji ya sabuni ya jirani yaliyomwagika. Lakini ziwa lilikuwa likimwua. Siku ya tano, tulipopanda mashua pale Zongwe, alijifunika kitenge kichwa chote, akakaa chini kabisa kati ya mizigo, akatafuta mkono wa aliye karibu. Mwaka wangu wa pili ulikuwa mkono wangu. Alinishika mpaka kucha zikaingia.

"Ukiacha mukono yangu nitakufa," aliniambia chini ya kitenge.

Sikuuacha. Saa zote zile sikuuacha, mkono wenyewe ukafa ganzi, na nikasema moyoni kwamba sasa tumekuwa ndugu. Mashua ilipogusa Kalemie aliruka, akachukua fimbo, akaondoka bila kuaga mtu. Kesho yake nilipita gare kumsalimu, akanijibu huku anafagia.

Nyumbani kwa mtu hakuingia. Tulimwalika arusi, ubatizo wa watoto wa ndugu, sikukuu. Alisema, "Mie ni muntu ya njia," basi. Na alikokuwa analala yeye hakuna aliyejua vizuri, ila kwamba ni nyuma ya reli. Hatukuuliza. Tulimheshimu mno, na heshima ile ilitufaa, maana ilituondolea kazi ya kumwuliza.

Sasa nirudi kwenye namba, kwa sababu kila kitu kiko pale. Namba alizotoa hazikurudishwa. Mwenzetu akifa, namba yake haikupewa mwingine wala hatukusogea kuziba nafasi. Tulipofika kwenye namba ile, wote tulinyamaza kwa pumzi moja, kisha aliyefuata akaendelea. Nilipojiunga, Nne na Tisa walikuwa wameshakufa. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa na mashimo: mbili, tatu, kimya, tano, sita, saba, nane, kimya, kumi. Kwa mgeni ingekuwa kitu cha ajabu, wanawake wazima porini wanapiga kelele na kunyamaza. Kwetu ilikuwa faraja niliyoifuata kwa miguu. Nilijua kwamba nikifa, kila kiangazi, kwenye vilima vile, watu watanyamaza kwa ajili yangu kwa pumzi moja. Ni kidogo, lakini jirani yangu mshonaji hakupata hata hicho.

Na hesabu yenyewe ilianza na kimya. Baada ya kugonga, kabla ya Mbili, palikuwa na ile pumzi. Nilimuuliza Mbili siku za kwanza, Moja alikuwa nani? Mbili alikuwa mjane mnene aliyefua mashuka ya hospitali, na ndiye aliyemjua Mama wa Mbele muda mrefu kuliko wote.

"Moja alikufa zamani," akaniambia. "Mie nilikuta tayari kimya. Ilikuwa mwenzake ya kwanza, nafikiri. Usimuulize, itamuumiza."

Sikumuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Kila mara ile pumzi ilipopita niliinamisha kichwa kwa ajili ya marehemu Moja, na mara moja au mbili nilimwombea.

Kiangazi changu cha tano ndicho kilichokuwa cha mwisho kwetu sote. Asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulikuwa umelala bondeni, na Mama wa Mbele aliondoka kabla hatujafunga mizigo. Hilo lilikuwa kawaida yake: kutangulia kutazama maji. Siku kama hizo Mbili ndiye aliyegonga badala yake, kwa mwiko juu ya kifuniko cha sufuria. Tulipanga mstari. Mbili akagonga mara tatu. Kimya. Akaitika namba yake, na hesabu ikaja, na mashimo yake mahali pake, mpaka kwangu.

"Kumi na nne!" nikasema. "Tumetimia."

Jua lilikuwa linaanza kupenya. Tano akaanzisha wimbo, tukaondoka tunaimba.

Njia ilifuata mgongo wa kilima, haina matawi, haikuhitaji mtu wa kuonyesha. Tulitembea siku nzima tukijua yuko mbele. Jioni tulipofika mahali pa kulala hatukumkuta. Mbili akasema bila shaka ametelemka Zongwe kumwandaa mwenye mashua, maana aliwahi kufanya hivyo mwaka mmoja. Nilikubali. Moyo wangu ulikuwa umetulia, maana hesabu ilikuwa imetimia, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema.

Kesho yake mchana tuliingia Zongwe. Mwenye mashua alikuwa amekaa kwenye mchanga na vipande vya mota mbele yake.

"Mama yenu iko wapi?" akatuuliza yeye kwanza.

"Hayuko huku?" Mbili akasema.

"Tangu mwaka jana sikumuone."

Nakumbuka jinsi tulivyotazamana. Kisha, bila mtu kuamuru, wote tukageuka tukatazama vilima.

Tulirudi sita, wale wenye miguu ya nguvu. Tulitembea mpaka giza likatuzuia, tukaanza tena alfajiri. Kabla ya kumwona tulimsikia: ko, ko, halafu muda mrefu, halafu ko. Alikuwa kando ya njia, umbali wa kutupa jiwe kutoka pale tulipofanya hesabu. Alikuwa ametoka njiani asubuhi ile kwa haja yake, akatumbukia kwenye shimo la muhanga lililofunikwa na nyasi, na mguu ukavunjika juu ya kifundo. Alijiburuta siku nzima kufika njiani. Siku mbili na nusu alikuwa pale peke yake, midomo imepasuka, fimbo mkononi.

Tulimnywesha maji. Alikunywa polepole, akatutazama mmoja mmoja, usoni kwa mara ya kwanza, si miguuni.

"Mulihesabu?" akauliza.

"Tulihesabu, Mama," Mbili akasema.

"Mukatimia?"

Wote wakanigeukia mimi. "Tulitimia, Mama," nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na Moja?"

Mbili alikuwa tayari analia. "Moja si alikufa zamani, Mama? Sisi tulifikiri ni mwenzako ya kwanza."

"Moja njo mie," akasema.

Miaka yote ile tulikuwa tumesikia kimya chake tukakifanya kaburi la mtu mwingine. Alipokuwapo kilikuwa kimya, na siku asipokuwapo kilikuwa kimya kile kile, na sikio letu halikuona tofauti.

Tulimbeba kwa miti miwili na vitenge. Kwenye mashua hakujifunika kichwa. Alilala akitazama maji wazi, na nilipomnyooshea mkono wangu hakuuchukua.

Mguu ulipona vibaya. Ufagio wa gare alipewa mwingine. Safari zetu zikafa bila mtu kutangaza kwamba zimekufa, na mimi sikwenda kumwona. Nitalisema kama lilivyo: niliona aibu, na aibu ikigeuka mazoea haiumi tena, inakaa tu. Nilijiambia kwamba hakupenda wageni. Nilijiambia kwamba Mbili anakwenda. Miaka ikapita hivyo. Treni ikawa inakuja mara moja moja, nyasi zikaota kati ya reli, na watoto darasani wakapungua kwa kukosa minerval, ada ya shule. Mbili akafa. Tano alichukuliwa na binti wa dada yake huko Manono, na habari zake zikakatika. Mmoja alivuka kwenda Kigoma. Wengine niliwasikia kwenye matangazo ya vifo kanisani, mmoja baada ya mwingine, na kila mara nilinyamaza pumzi moja pale kwenye benchi.

Kisha likizo moja nikaugua malaria. Siku nne sikutoka nje. Nililala natetemeka, nikaota, nikaamka, sikujua ni mchana upi. Siku ya tano homa ikashuka, nikatambaa mpaka kwenye mtungi, nikanywa, nikafungua mlango. Watu walikuwa wanapita. Jirani mpya akanisalimu, "Jambo, Mwalimu," kama jana. Nilikuwa nimekwenda na kurudi na hakuna aliyejua. Ile hofu iliyonipeleka gare zamani ilikuwa imetimia, na haikuwa hata na kelele. Nikakaa kizingitini nikaelewa kwamba pamebaki mahali pamoja tu pa kwenda.

Nilimpata nyuma ya reli, chumba kimoja cha matofali, mlango wa bati. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, mguu umenyooshwa. Amekuwa mdogo. Nilivua viatu kabla ya kusalimu.

Aliangalia miguu yangu muda mrefu. "Kumi na ine," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, Mama."

Akanionyesha kigoda kingine kwa kidevu. Tulikaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote yalinikimbia, nikaanza kulia kama mtoto wa darasa langu. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, bila hasira, akitazama mlango:

"Ile siku nilisikia munahesabu. Shimo ilikuwa karibu. Nilisikia Mbili anagonga ku sufuria."

"Kwa nini hukuita, Mama?"

"Nilijibu."

"Hatukusikia kitu."

"Nilijibu vile nilizoea. Mu tumbo." Akagusa tumbo lake. "Nikangojea muntu ashangae. Weye ukasema tumetimia. Njo nikaita na nguvu, lakini mulikuwa mu kuimba."

"Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Ni mie niliwafundisha vile." Akakuna goti. "Nilikuwa napenda ile pumzi, unajua. Bote munanyamaza. Nilikuwa naona kama munaningojea mie."

Nilitaka kumwambia kwamba tulimngojea. Ingekuwa uongo, na tulikuwa tumezeeka mno kwa uongo. Tulikuwa tumengojea tu zamu zetu. Nikamwambia badala yake habari ya malaria yangu, zile siku nne, ule mtungi. Alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji anachokijua.

Niliposimama kuondoka nilisema, "Mama, kesho asubuhi nitapita nitagonga. Utajibu?"

"Nitajibu."

"Na sauti. Si mu tumbo."

"Mwalimu anapenda kuamuru," akasema, na nilipofika njiani bado nilimsikia anacheka peke yake.

Kesho yake nilitoka mapema. Kando ya mlango wake palikuwa na kipande cha reli kilichotupwa, nikaokota jiwe. Mwanamke mmoja alikuwa anapanga muhogo wake ng'ambo ya njia, akaniangalia mwalimu mzee nimeinama. Nikagonga mara tatu.

Kimya. Kile kile cha vilimani, cha pumzi moja. Safari hii sikuinamisha kichwa. Nilingoja kwa mwili mzima, mkono umeshika jiwe, na pumzi ikaisha, nikaanza nyingine.

"Moja!" akasema kutoka ndani.

Sauti ilikuwa mbovu, ya mtu asiyezoea. Nikanyamaza kwa ajili ya Mbili. Nikanyamaza kwa ajili ya Tatu, na Nne, na Tano wa Manono ambaye sikujua kama bado anaishi. Nilimpa kila mmoja pumzi yake bila kuharakisha, Sita, Saba, Nane, Tisa, na mwuza muhogo akaacha kupanga muhogo akasimama wima. Ndani ya chumba nako kulikuwa kimya. Nilijua ananyamaza pamoja nami, namba kwa namba. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

"Kumi na nne!" nikasema.

Lililobaki lilikuwa lile neno la kufungia, na hilo sikuwa nimelitamka tangu siku ile ya ukungu. Nilisimama. Nilisikia kigoda kinasogezwa, mguu unaburutwa sakafuni, mlango wa bati ukafunguliwa. Alinitazama usoni, kisha akatazama nyuma yangu, njia nzima tupu mpaka kwenye reli, polepole, kama mtu anayepitisha macho kwenye mstari.

"Sema basi," akaniambia. "Tuko hapa bote babili."

Nikasema.